Mbuzi wa Mama Kuvuka Mto

Ninyi wenzangu wa chama mmenichosha kuliko safari yenyewe. Tangu nirudi, kila anayeleta gauni lipunguzwe anaketi kwenye kiti cha wateja, anakunja nne na kuuliza, "Ehe, Syombua, ikawaje?" Nimesimulia hadi kazi zimelala mezani. Kwa hiyo naandika mara moja tu, mpitishiane, halafu mniache nipumzishe magoti. Mambo ya kutafuta gari na kuomba vibali vya kusafirisha mifugo nayaruka, hayana utamu.

Emali

Wengi wenu mnamjua mama yangu, Kalekye, lakini hamjui kwa nini hajawahi kwenda kwao. Nianzie hapo, la sivyo mtapotea.

Mama ni mtu wa kaskazini ya Kitui, mbele ya Mwingi. Baba alimleta hapa Emali akiwa msichana, kabla mbuzi hawajapelekwa kwao. Kwetu Ukambani mbuzi hao huitwa ntheo, majike wawili na beberu mmoja, na ndio wanaomfanya mwanamke kuwa mke. Asipopelekewa anaweza kuishi na mume, akazaa, akalea wajukuu, lakini siku akifa hazikwi kwa mume. Anarudishwa kwao.

Mimi nikiwa bado tumboni, babu alikodi lori kwenda kulipa ntheo hiyo. Walikuwa wanne: babu, baba mkubwa Kilonzo, mzee mmoja jirani aliyejua kusema mbele ya watu, na dereva. Baba alibaki kumwangalia mama, maana mimi nilikuwa nikimsumbua tangu zamani hizo. Hawakufika. Karibu na kwao mama kuna mto wa mchanga, na siku hiyo maji yalitoka juu kwa ghafla, lori likiwa katikati. Jirani na dereva walipatikana, wakaletwa wakazikwa. Babu na baba mkubwa hawakupatikana. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyevuka mto ule, na hakuna mtu wa kwao aliyekuja. Jina la mto halikutajwa nyumbani kwetu. Ukilitaja unatumwa kuni.

Baba alifariki, tukamzika shambani, chini kidogo ya nyumba. Wakati wa matanga, baba mdogo Kioko, ndugu wa mwisho wa baba, alisimama mbele ya ukoo. Siku ya mto ule alikuwa mtoto mdogo wa kuchunga ndama. Alisema, "Mimi sina neno na shemeji yangu. Lakini mbuzi hawakufika. Mbuzi wasipofika, hatuwezi kumlaza hapa." Wazee wakainamisha vichwa, maana ni kweli.

Mimi nilimchukia siku hiyo, sisemi uongo. Mama hakumchukia. Siku hizi miguu imemvimba, pumzi fupi, na mwaka huu akaniambia, "Nataka kulala pale karibu na mzee. Sitaki kupelekwa kwetu nikiwa maiti, mahali nimeogopa kufika nikiwa mzima. Tafuteni mbuzi."

Basi nikaenda soko la mifugo hapa Emali, mimi fundi wa nguo. Baba mdogo ana mtoto wa jicho macho yote mawili, akasema niende tu, mbuzi ni mbuzi. Majike niliwapata mapema. Kwa beberu nilizunguka hadi nikampata mmoja mnono, mweupe, pembe nzuri. Nikamuuliza muuzaji, "Huyu ni dume?" Akasema, "Mama, si unaona pembe?" Kuna kitu mnunuzi anapaswa kushika kwa mkono, chini huko nyuma, ahakikishe. Soko limejaa wanaume, wengine wateja wangu wa suruali. Sikuinama.

Makindu

Dereva wetu aliitwa Njoroge, kijana ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka hapa zamani. Ana pikapu ya safu mbili za viti. Alituambia tutaondoka alfajiri, akaja jua limeshapanda, eti alikuwa anaosha gari. Baba mdogo akaketi mbele, mimi na mama nyuma, mbuzi kwenye kibebeo. Mama alipanda bila kuwatazama. Asubuhi ile ya zamani ni yeye aliyewafunga kamba wale wa kwanza, na hawa hakutaka kuwaona.

Njoroge ni kijana mzuri, shida yake ni mdomo. Barabara ya Mombasa yeye anaijua kwa vifo. "Hapa basi lilianguka. Pale kwa ule mti, lori la mafuta. Hapa ni wale wa harusi, aki, hiyo ilikuwa mbaya." Tulikuwa hatujafika Kiboko na tayari nimehudhuria mazishi kama ya mwezi mzima. Mwishowe mama akasema, "Kijana, wewe ni dereva ama ni wa mochari?"

"Pole, shosho. Ni vile hakuna mtu ameweka alama. Nikinyamaza, nani atakumbuka?"

Mama akamwangalia kisogo.

Kabla ya kuingia Makindu gurudumu likapasuka, na la akiba lilikuwa limepasuka tangu juzi. Njoroge akaenda kulizibisha. Sisi tukaenda kuketi kwenye hekalu la Masingasinga, pale ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bure. Tukavua viatu, tukafunika vichwa, tukapewa chapati, ndengu za kukaangwa na chai ya maziwa mengi. Mama hakugusa. Alidhani tunatafutiwa kosa. "Mtu hawezi kukulisha kama hajui jina lako," akasema. Mzee mmoja wa kilemba akachuchumaa mbele yake na kumwambia kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Kula, mama. Hapa hatuulizi jina."

Alikula chapati tatu. Kisha akakataa kuondoka mpaka aoshe sahani. Nilidhani watamkatalia, kumbe ni ruhusa. Akasimama kwenye karai na miguu yake ile, akiosha sahani za watu asiowajua, na mimi nikasimama kando yake nikifuta, magoti yakinililia. Baba mdogo alipata usingizi kwenye baraza. Gurudumu lilirudi jua likianza kupinda.

Kibwezi hadi Kitui

Kutoka Kibwezi tuliiacha barabara ya Mombasa, tukavuka mto Athi, tukaelekea Ikutha na Mutomo. Lami ni nzuri siku hizi lakini joto halijaambiwa. Vichaka vya kijivu huku, vichaka vya kijivu huku, mbuzi wakilia, na baba mdogo akiomba gari lisimame kila mara kwa sababu ya tumbo. Nafikiri ni uoga, si tumbo. Alikuwa amejifunza maneno ya kusema kwa wakwe na nilimsikia akiyarudia chini kwa chini nyuma ya mti.

Tuliingia Kitui tukiwa na vumbi hadi kwenye meno. Tukaingia hoteli moja karibu na stendi, tukaagiza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, pamoja na supu ya mama. Mwenye hoteli alikuwa mwanamke mnene mchangamfu. Alichungulia mbuzi dirishani akauliza tunawapeleka wapi. Njoroge, mdomo ule ule, akamtajia upande tunaokwenda na kwamba ni mbuzi wa ntheo.

"Woi," akasema yule mwanamke, akavuta kiti. "Mkifika pale mtoni mwangalie sana. Hapo palimeza watu wa ntheo. Watu wa Makueni, basi nzima."

"Lilikuwa lori," baba mdogo akasema.

"Basi, mzee. Mimi hiyo maneno nimeisikia tangu nikiwa mtoto. Basi imejaa, na ngoma, na pombe. Waliambiwa ngojeni maji yapungue. Wakasema hapana, msichana anangoja. Na huyo msichana hakuwa msichana wa kawaida. Alikuwa amelaaniwa na nyanya yake. Kila mwanamume akimtaka anakufa. Nasikia aliishia kuwa mwendawazimu huko Mombasa."

Nikafungua mdomo, mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa akipuliza supu yake taratibu.

"Alikuwa mrembo?" mama akauliza.

"Nani, huyo msichana? Sana. Ndiyo maana."

"Niongezee supu kidogo," mama akasema.

Aliimaliza yote. Garini sikuweza kujizuia, nikamwambia ningemvua nguo yule mwanamke kwa maneno. Mama akasema nimwache, amepika vizuri. Tulikuwa tumekwenda mbali kidogo, tunakaribia Kabati, ndipo akasema tena, sauti ikiwa imechoka kabisa, "Kama Kitui wanasema hivyo, nyumbani wanasema nini?"

Hapo nikaelewa alichokuwa amekibeba miaka yote. Hakuogopa maji. Alikuwa anaogopa kwamba mama yake alikufa akiamini hivyo. Nilimshika mkono.

Mwingi

Mwingi tulifika jioni tukiwa taabani. Njoroge alijua mfanyabiashara wa mifugo, Hassan, ambaye wazee wake walitoka Garissa na sasa wana zizi kubwa nyuma ya maduka. Tuliomba mbuzi wetu walale kwake. Hassan akawashusha mwenyewe, mmoja mmoja, akiwapapasa kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo. Alipofika kwa mweupe wangu akatabasamu.

"Huyu niuzie. Huyu ni nyama safi. Mafuta mpaka mkiani."

Nikamwambia hauzwi, ni beberu wa ntheo.

Hassan alinitazama, akamtazama mbuzi, akanitazama tena. "Beberu gani, dada? Huyu alihasiwa zamani. Ndiyo sababu amenenepa, hana mawazo."

Mnajua maana yake, lakini kama yupo asiyejua nimwambie. Kupeleka mbuzi aliyehasiwa kwa watu unaooa kwao ni kuwaambia kwamba ukoo wenu hauna mbegu, au kwamba binti yao hastahili mbegu. Watu wamepigwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Baba mdogo aliinama, akashika alipopaswa kushikwa sokoni, akabaki ameinama vile vile.

"Syombua," akasema, "ulinunua kwa kuangalia nini?"

"Pembe."

Basi akaanza kunisema, nami nikamjibu kwamba angekwenda mwenyewe na macho yake hayo, na tukawa tunagombana katikati ya zizi, watu wazima wawili waliochoka, mpaka tukasikia sauti nyuma yetu. Ni mama. Alikuwa ameshuka garini na amemwona mbuzi, na anacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba aondoke. "Kioko," akasema akifuta macho, "mngenipeleka kwa ndugu yangu na huyo, tungezikwa wote huko huko."

Hassan alitupa pole na chai ya tangawizi. Alikubali kubadilisha: achukue mnono, atupe beberu wake, lakini madume wake walikuwa malishoni mbali na wangeletwa kesho. Kwa hiyo tukalala Mwingi bila kupanga. Asubuhi tulingoja tena, tumeketi kwenye magunia, na Hassan akauliza tunakwenda ng'ambo ya mto upi. Baba mdogo alimwambia. Mara hii alitaja jina la mto, mbele ya mama, na hakuna aliyetumwa kuni.

Hassan akatikisa kichwa. "Baba yangu alikuwa na lori. Tukifika hapo, kila mtu chini. Abiria, turniboi wa mizigo, sisi watoto. Tunavuka kwa miguu, lori nyuma yetu peke yake. Hata kiangazi, mto mkavu, hakuna maji ya kulowesha kidole. Nilikuwa naona ni ujinga."

"Na wewe sasa?" mama akamuuliza.

"Mimi pia nawashusha. Daraja lipo, lakini nawashusha. Sijui nitaachaje."

Beberu aliletwa, mweusi, ananuka kama beberu anavyopaswa kunuka. Baba mdogo alimshika mara mbili, na mimi nikamshika mara ya tatu, mchana kweupe, mbele ya wanaume wote wa soko la Mwingi.

Mtoni

Barabara ya huko ni vumbi na makorongo, na gari lilikwama mara moja kwenye mchanga tukasukuma. Mama alikaa ndani akituelekeza.

Kabla ya daraja kuna kituo kidogo: vibanda vitatu, mahali pa kuchaji simu, pikipiki zimeegeshwa kivulini. Ubao umeandikwa kwa rangi nyekundu KWA ATHONI. Kwa Kikamba athoni ni wakwe. Nilimuuliza kijana wa pikipiki kwa nini panaitwa hivyo, akasema, "Panaitwa tu hivyo, mathe. Ni stage." Nikamuuliza ni wakwe wa nani. Hakujua, na hakuona kwa nini mtu aulize. Nilinunua soda nikainywa nikisoma ubao ule, babu yangu na baba yangu mkubwa wamegeuka kuwa mahali pa kuteremkia. Sijui kama nilikasirika au nilishukuru. Nilikuwa nimechoka mno kuchagua.

Mto ulikuwa mkavu. Wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani na wanajaza mitungi, punda wamesimama. Njoroge, ambaye tangu Mwingi hakusema neno, alisimamisha gari akazima injini. Akatugeukia. "Shosho, mnataka kushuka? Tutembee kama wale wa Hassan?"

Sote tulimtazama mama. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango. Nilidhani atashuka, atalia, atasema jambo. Nilikuwa hata nimebeba leso ya ziada.

"Kushuka nikafanye nini?" akasema. "Miguu inaniuma. Endesha."

Njoroge akaendesha polepole, akapiga honi mara moja ndefu, bila kuambiwa. Mama alitazama mbele tu. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu, na tulipofika ng'ambo nilikuwa na alama za kucha zake.

Kwao mama

Mjomba Musyimi, ndugu pekee wa mama aliyebaki, alikuwa amepigiwa simu, kwa hiyo tulimkuta langoni na watu wa ukoo wake. Ni mrefu, amekonda, pua ni ya mama kabisa. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono, mjomba akasema, "Kalekye." Mama akasema, "Musyimi." Basi. Kisha wanawake wakamchukua mama ndani, maana siku hiyo yeye ni binti wa nyumba, hakai na wageni.

Sisi tuliobaki nje tulikuwa wageni wa kuoa. Baba mdogo akajikohoza, akaanza maneno yake aliyoyafanyia mazoezi kutoka Ikutha. Mjomba akamzuia kwa mkono.

"Keti kwanza," akasema. "Hapa hakuna mtu atasema akiwa amesimama."

Tukaketishwa. Tukaletewa maji, kisha uji, na mjomba akahakikisha baba mdogo amekunywa kikombe chote. Sikuelewa kwa nini anamkazia macho hivyo. Alipomaliza, akaambiwa aseme. Baba mdogo alisimama na maneno yote yalikuwa yamemtoka. Alibaki akigeuza kofia mikononi.

"Sisi ni wale wa Emali," akasema. "Tulikuwa na safari ya kuja hapa kuomba binti. Tulichelewa njiani."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja upande wao akafuta uso.

Mjomba akasema, "Nasi tulikuwa tumepika. Ni baba aliyetuma neno mje siku ile, mvua au jua, kwa sababu alikuwa ameshaalika watu. Alikufa akisema ni yeye aliyewaua. Kwa hiyo hakuweza kuja kwenu. Lakini alimtuma mtu."

"Hakuna mtu alikuja," baba mdogo akasema.

"Alikuja. Mrefu, ana fimbo, ana jicho moja. Alifika kwenu Emali, alikaribia lango, mama mmoja akatoka na majivu akamtupia. Akamfukuza."

Niliona baba mdogo akiketi bila kukusudia. "Huyo ni mama yangu," akasema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye nilifungulia mbwa. Alisema mtu wa huko asikanyage kwake. Lakini yule mtu hakusema kitu. Angesema!"

"Angesemaje? Hakuketishwa. Hakupewa maji. Habari ya maiti haisemwi langoni, mtu amesimama, anafukuzwa na mbwa. Ungekuwa wewe ungesema? Akarudi nayo. Hatukutuma tena, tulijua mmetukataa. Na hata mlipopiga simu, habari hiyo si ya kusemwa kwa simu."

"Habari gani?" baba mdogo akauliza, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa kuchunga ndama.

Mjomba alisimama akatuongoza nyuma ya nyumba, tukapita boma la ng'ombe, hadi kwenye ua wa minyaa. Kulikuwa na makaburi mawili ya mawe yaliyopangwa vizuri, pamefagiwa. Maji yalipopungua, akasema, watu wanaochimba visima mchangani waliwakuta wawili mbali sana huko chini. Baba yake alikwenda na mkokoteni wa punda. Akasema hawa hawawezi kuwa wengine, akamwambia chifu kwamba ni wageni wake. Akawazika ndani ya ua, kama watu wa nyumba, si nje. Kila mwaka kabla ya kupanda, mama yake, yaani nyanya yangu, alikuwa akipafagia mwenyewe, na alipokufa wakafagia wake za wanawe.

"Huyu ndiye mzee," mjomba akasema akionyesha la kulia. "Huyu ndiye kijana."

Baba mdogo Kioko, yule aliyesimama kwenye matanga akasema mbuzi hawakufika, alipiga magoti kwenye kaburi la kulia na kulipapasa kwa viganja, kwa sababu haoni vizuri. Alipapasa kila jiwe. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na mimi niliyemchukia tangu siku ya matanga nilipiga magoti kando yake nikamshika bega. Njoroge alikuwa amevua kofia. Nilimsikia akimuuliza mtu kwa sauti ya chini majina yao ni nani.

Tuliporudi uani mbuzi watatu walikuwa wamefungwa mbele ya wazee. Walikaguliwa, na yule beberu akashikwa tena, mara ya nne kwa siku moja, akakubaliwa. Lakini beberu hachinjwi kabla binti hajaulizwa. Msichana huitwa mbele ya watu, anaulizwa kama anawafahamu hao waliokuja na kama anakubali mbuzi wao waliwe. Akikataa, mbuzi wanarudi.

Wakamleta mama. Wanawake walikuwa wamemvalisha leso mpya na kumpaka mafuta usoni, na kwenda kwake ni kwa shida, ameshikwa huku na huku. Nilipomtazama nikajua ameshaambiwa habari za ua wa nyuma. Akasimamishwa katikati, bibi wa wajukuu wenye ndevu, na mjomba akamuuliza kama anavyoulizwa msichana.

"Kalekye. Kuna watu wamekuja kukuomba. Unawajua?"

Mama hakututazama sisi. Aligeuka taratibu, akatazama kule nyuma ya boma la ng'ombe.

"Nawajua," akasema. "Asubuhi ile niliwapikia uji, wakaniambia watarudi na salamu za mama."

Mjomba aligeuka akatazama kule kule. Ikabidi mzee mwingine amalizie swali: je, watu wachinje?

"Chinjeni," mama akasema. "Hawa wamengoja sana."